Hundi hewa, na kwa nini wauzaji wa magari ndio huumia zaidi

Hundi ni amri ya maandishi. Mwenye akaunti anaiagiza benki yake imlipe mtu fulani kiasi fulani, anatia sahihi, basi. Karatasi hiyo haithibitishi kwamba akaunti ina kitu, wala kwamba aliyetia sahihi ndiye mwenye akaunti. Kama akaunti ni tupu, imeshafungwa, au kitabu cha hundi kimeibwa, hiyo ndiyo hundi hewa. Benki ikiirudisha bila kulipa, tunasema imedunda.

Kwa mwenye duka, hundi hewa inaweza kuondoka na mzigo wa laki kadhaa. Kwenye gari inaondoka na akiba ya miaka. Hapa Dodoma magari mengi huuzwa mkononi: mtumishi amepata uhamisho, mwingine anatafuta ada ya watoto, tangazo linawekwa kwenye kundi la WhatsApp na jioni mnunuzi yuko getini. Mhasibu hayupo, na mara nyingi hata wakili hayupo.

Mama yangu mdogo aliuza Toyota IST yake namna hiyo, kule mtaa wa Kisasa. Mnunuzi alifika Ijumaa saa kumi jioni, shati limepigwa pasi, akaamkia vizuri: "Shikamoo mama." Akazunguka gari, akafungua boneti, akasikiliza injini, akaomba apunguziwe laki tatu. Mtu anayeng'ang'ania bei unamwona ni mnunuzi wa kweli. Wakakubaliana milioni 8.5. Akatoa hundi yenye muhuri wa kampuni: "Hii ni ya kampuni, mama, haina shida. Jumatatu unaikuta." Akaondoka na funguo na kadi ya gari.

Jumatatu mama mdogo aliipeleka benki. Jioni akaangalia salio kwenye simu, akaona milioni 8.5 zimeongezeka, akapiga simu kushukuru. Jumatano benki ikamwita. Hundi imerudi, akaunti iliyopaswa kuilipa ilishafungwa.

Kilichomchanganya ni salio, na hapa ndipo watu wengi hujikwaa. Akaunti inaweza kuonyesha salio la aina mbili. Salio la leja huhesabu hata hundi iliyopokelewa jana ambayo bado haijalipwa. Salio unaloweza kutumia ndilo lenye pesa iliyoingia kweli. Katikati ya hayo mawili benki yako inaiuliza benki ya aliyeandika hundi kama italipa. Siku hizi karatasi yenyewe haisafiri, inakwenda picha yake kupitia mfumo wa Benki Kuu, lakini jibu husubiri siku za kazi. Jumamosi na Jumapili hazimo. Gari lililotoka Ijumaa jioni lina siku mbili kamili za barabara kabla hundi haijaanza kuulizwa, na kutoka Dodoma unafika Singida, Iringa au Morogoro kabla ya usiku wa manane. Ijumaa ile haikuwa bahati mbaya.

Kuna hundi ya benki, ambayo benki yenyewe huiandika baada ya kukata pesa kwa mteja wake. Hiyo inaaminika, na kwa sababu inaaminika ndiyo hughushiwa. Usipige namba iliyochapwa juu yake. Nendeni wote wawili hadi tawi lililoitoa. Pia hundi inayotoka benki moja kwenda nyingine imewekewa kikomo cha shilingi milioni 10, kwa hiyo hundi moja ya milioni 14 ya benki nyingine ni ya kuitilia shaka palepale.

Namna nyingine, iliyowaumiza sana wauzaji huko Marekani, ni ya kuzidishiwa. Gari ni milioni 9, hundi inakuja ya 12, unaombwa urudishe tatu au umpe dereva atakayekuja kulichukua. Kule sheria ya 1987 inazilazimisha benki kumruhusu mteja atumie pesa ya hundi ndani ya siku chache, wakati hundi ya kughushi inaweza kugundulika baadaye. Ikirudi, benki inamdai muuzaji.

Kwangu mimi, muuzaji anayelipwa kwa hundi asitoe kadi wala funguo, wala asisaini fomu ya kuhamisha umiliki, mpaka karani wa benki amwambie kwa mdomo wake kwamba pesa imeshalipwa na anaweza kuitoa. Bora zaidi mnunuzi ahamishe pesa benki kwa benki, ninyi wawili mkiwa kaunta. Mwenye pesa hawezi kukasirika kwa kusubiri hadi benki ijibu.

Hundi ikishadunda, usiichane. Mama mdogo alikaribia kuichana kwa hasira, mjomba akamshika mkono. Benki humpa mteja hundi yake pamoja na sababu ya kurudishwa, na polisi huanzia hapo. Kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake hufika miaka 7. Lakini gari likiwa limeshauzwa kwa mtu wa tatu asiyejua lolote, mnakuwa wawili mnaolidai, na shauri huchukua muda mrefu.

Hundi ile bado iko kabatini kwake, ndani ya bahasha ya nailoni, pamoja na nakala ya kadi yenye jina lake.