Usaili wa famasia: chuo kinataka kukuona dirishani

Kila ikifika mwezi wa tisa, simu yangu huanza kupokea ujumbe wa aina moja. Unatoka Mbeya, Mombasa, Arusha, mara nyingine kwa vijana wetu waliokulia Minnesota: "Shikamoo mwalimu, nimeitwa usaili wa chuo cha famasia huko nje. Naomba pasti pepa kama unazo." Naitikia marahaba, kisha namwambia jambo ambalo halimfurahishi. Pasti pepa hakuna, na hata zingekuwepo zisingemfaa.

Simlaumu. Kwetu chuo hukupa nafasi bila kukuona sura. Tanzania unamaliza kidato cha sita, unaomba, na alama zako za Kemia, Biolojia na Fizikia ndizo zinazokusemea. Jina linatoka au halitoki. Kenya nako KUCCPS, shirika linalogawa nafasi za vyuo, inapanga kwa alama. Mtu anasoma famasia miaka 4 Muhimbili, au 5 Chuo Kikuu cha Nairobi, bila mtu yeyote kumuuliza mlangoni kwa nini amekuja. Kwa hiyo anayeomba Marekani au Uingereza anakutana na jambo ambalo kaka yake, dada yake na mwalimu wake wa shule hawakulipitia.

Mimi ni mfamasia, nafundisha katika chuo kimoja cha famasia Marekani, na kila msimu nakaa upande wa pili wa meza ya usaili. Nitaeleza ninachokiona kutoka huko.

Kwanza, usaili si mbwembwe za chuo. Marekani chombo kinachotoa ithibati kwa vyuo vya famasia, ACPE, kiliagiza katika viwango vyake vya 2016 kwamba waombaji wasailiwe kwa utaratibu mmoja unaofanana kwa wote. Uingereza baraza la wafamasia, GPhC, linataka mwombaji apimwe kwa zaidi ya karatasi zake, na hesabu zake zipimwe pia.

Sababu yake utaikuta kwenye dirisha la dawa la hospitali yoyote unayoijua. Simama pembeni usikilize: "Hii moja mara tatu, hii mbili mara mbili. Anayefuata!" Mama anaondoka na bahasha zake, anafika kwenye benchi, anamuuliza jirani. Chukua dawa mseto ya malaria, ile ya ALu. Mtu mzima hunywa vidonge 4 mara mbili kwa siku 3, jumla 24, lakini dozi ya pili hunywewa saa 8 baada ya ya kwanza, na inafaa kunywewa na chakula, hasa chenye mafuta kidogo. Mtoa dawa aliyesema "nne mara mbili" hajadanganya, ila mama ameondoka hajui anywe saa ngapi wala na nini. Alama A ya Kemia haikuambii ni nani kati ya waombaji 2 atakayebaki pale nusu dakika zaidi na kusema, "Hebu niambie utakavyokunywa ukifika nyumbani." Ndiye tunayemtafuta.

Sasa siku yenyewe. Vyuo vingine vinaita watu chuoni, vingine vinasaili kwa Zoom, na mwombaji aliye Dar au Kisumu karibu daima ataangukia Zoom. Hapo pana mtego wa saa. Saa 4 asubuhi ya Chicago wakati wa baridi ni saa 1 usiku Afrika Mashariki, lakini kabla ya Jumapili ya kwanza ya Novemba ilikuwa saa 12 jioni, maana wenzetu hurudisha saa nyuma siku hiyo. Nimeshaona mtu akiingia saa nzima baada ya muda wake akiwa na suti safi na tabasamu. Mapema mwambie mratibu kwamba kwenu umeme hukatika, na mwachie namba ya simu. Jogoo akiwika, cheka, endelea. Hakuna aliyewahi kunyimwa nafasi kwa sababu ya jogoo.

Ratiba ya kawaida ina maelezo ya chuo, matembezi kwa waliofika, muda wa kukaa na wanafunzi, na usaili wenyewe. Baadhi huongeza insha fupi au kazi ya kikundi. Muda ule wa kukaa na wanafunzi, ambao waombaji huuona kama mapumziko, mara nyingi si mapumziko. Wale wanafunzi wanaulizwa baadaye, "Mmemwonaje?"

Usaili una sura mbili. Ya kwanza ni ya jopo: mwalimu mmoja au wawili, pengine na mwanafunzi, dakika 20 au 30 za maswali. Ya pili ni vituo vifupi vinavyofuatana, maarufu kama MMI, na ndiyo inayowatisha watu. Huu mtindo ulibuniwa kwa ajili ya wanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada. Kevin Eva na wenzake waliuchapisha mwaka 2004. Wazo waliliazima kwenye mtihani wa vitendo ambao Ronald Harden aliuanzisha Dundee, Scotland, katika miaka ya 1970. Hoja yao ilikuwa nyepesi. Msaili mmoja akikupenda kwa sababu mnashabikia timu moja, au akikuchukia kwa sababu ya lafudhi, usaili umeharibika. Wakiwa 7 au 8, kila mmoja kwenye kituo chake, chuki ya mmoja inapungua nguvu. Kwa hiyo ukivuruga kituo cha pili, funga mlango, kisahau. Anayekupokea kituo cha tatu hajui.

Nikupitishe kwenye kituo kimoja. Mlangoni pana karatasi, una dakika 2 za kuisoma: "Unafanya kazi kwenye duka la dawa. Mteja amekuja kuchukua dawa yake ya presha. Haiko tayari. Zungumza naye." Unaingia. Ndani yupo mzee mwenye koti, amesimama, hakukaribishi kukaa. Kabla hujajitambulisha anafoka: "Hii ni mara ya tatu wiki hii nakuja hapa!"

Mwombaji wa kwanza anamtuliza. "Mzee wangu, tafadhali tulia." Anaeleza kwamba bima huchelewa, kwamba kuna utaratibu, kwamba dawa huagizwa. Anaeleza vizuri, kwa Kiingereza kisicho na kosa. Mzee anazidi kupandisha sauti mpaka kengele inalia.

Mwombaji wa pili ananyamaza kidogo, kisha: "Mara tatu? Pole sana. Umekaa siku ngapi bila dawa?"

Mzee ni mwigizaji, na ana maelekezo ambayo mwombaji hayaoni. Yanasema: akikuuliza, mjibu; asipokuuliza, usimwambie. Sasa ameulizwa. "Siku 4," anasema, na sauti inashuka. "Na tangu jana kichwa kinanigonga." Mwombaji anasema, "Hilo mfamasia alisikie sasa hivi, naomba nimwite." Basi. Hakutaja jina la dawa hata moja. Msaili aliye kwenye kona ana fomu yenye mambo machache: amesikiliza? Ameuliza? Amejua pa kuishia, na nani wa kumwita? Vipimo vya presha havimo.

Vituo vingine ni vya maadili. Rafiki yako amenakili ripoti ya maabara; mwenzako kazini ananuka pombe; mteja hana hela ya dawa zote, anakuuliza aache ipi. Watu huogopa kwamba kuna jibu moja wamefichwa. Kinachowaangusha si jibu, ni haraka. Mtu anasikia "amenakili" tayari ameshamfukuza rafiki chuo, hajauliza kama ana hakika. Wengine wamejifunza mtandaoni orodha ya kanuni za maadili na wanaitiririsha kama shairi la ngonjera. Ukisikia mwombaji wa nne kwa siku akianza na kanuni zile zile kwa mpangilio ule ule, unatamani chai.

Swali ambalo halikosekani ni hili: kwa nini famasia, na si udaktari? Wengi wetu jibu la kweli ni kwamba alama za udaktari hazikutosha. Semeni, lakini msiishie hapo. Mwambieni msaili ni kitu gani mlichokiona famasia mkabaki.

Hapa namkumbuka kijana kutoka Songea (mambo madogo nimeyabadili asijulikane). Karibu dakika 10 alituelezea ziara yake ya siku 3 katika hospitali kubwa: majengo, mashine, daktari bingwa aliyempa mkono. Tulikuwa tumeshachoka. Mwenzangu, nadhani kwa kujaza muda tu, akamuuliza nyumbani kwao wanafanya shughuli gani. Akajibu kwa sauti ya kuomba radhi kwamba shangazi yake ana duka la dawa muhimu, na yeye likizo zote alikuwa anakaa dukani.

Mwenzangu hakujua duka la dawa muhimu ni nini, ikabidi aelezwe. Maduka haya yalianza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003, kwenye maeneo ambayo hayana famasi. Wauzaji hupewa mafunzo na kuruhusiwa kuuza baadhi ya dawa zinazohitaji cheti cha daktari. Kijana akaanza kusimulia. Watu huja na shilingi zao mkononi: "Nipe vinne tu vya vile vya rangi mbili." Shangazi anauliza ni vya nani, anaumwa nini, tangu lini. Anakataa kuvunja dozi. Mteja ananuna, anaondoka. Jioni anarudi na mtoto mgongoni. "Shangazi alikuwa anaandika majina ya walioondoka bila dawa," akasema, "ili kesho yake apite kuwajulia hali." Sisi sote tulikuwa tumeweka kalamu chini. Yule kijana alikuwa ameshikilia jambo lenye thamani kuliko yote aliyotueleza, akalificha kwa kuona ni ushamba.

Kuna mambo mawili ya malezi yetu ambayo husomwa vibaya. La kwanza ni macho. Tumefundishwa kutomkazia macho mtu mzima. Msaili wa Marekani anaona mtu anayekwepa. Sikwambii utupe adabu. Kwenye Zoom angalia kamera unapojibu, ana kwa ana mtazame kama unavyomtazama mgonjwa unayetaka akuelewe. La pili ni neno "sisi". "Tulianzisha klabu ya kemia, tulichangisha, tulienda vijijini." Wewe mwenyewe ulifanya nini? Mwombaji anasita, maana kwake kusema "mimi" ni kujikweza. Sema ulichofanya kwa mikono yako, kisha wataje wenzako. Hakuna atakayekuona una majivuno.

Hesabu nitaigusa haraka. Uingereza utapewa zoezi fupi la namna hii: mtoto ana kilo 16, dozi ni miligramu 15 kwa kila kilo, dawa ya maji ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Miligramu 240, mililita 10. Si ngumu. Ila anayeteleza nukta moja akaandika mililita 100, na asishtuke kwamba hiyo ni chupa nzima, amejieleza kuliko angeulizwa maswali kumi. Na ukikutana na mtu anayeuza vitabu vya PCAT, ule mtihani wa kuingilia vyuo vya famasia Marekani, mpite. Umefutwa; wa mwisho ulifanyika Januari 2024.

Mwisho wa usaili utaambiwa, "Una swali?" Jibu la "hapana, asante" kwetu ni adabu, kwao ni kutojali. Tena hapo ndipo wewe unakuwa msaili. Marekani ina vyuo vya famasia takribani 140 na waombaji wamepungua sana kuliko zamani, kwa hiyo baadhi ya vyuo vinakutafuta kuliko unavyovitafuta. Shahada ya PharmD, ile ya mfamasia wa Marekani, kwa kawaida ni miaka 4 ya fani, juu ya angalau miaka 2 ya masomo ya awali, na ada ya mwanafunzi wa kigeni si ya mchezo. Uliza ni wangapi humaliza kwa wakati. Matokeo ya NAPLEX, mtihani wa leseni, hutangazwa chuo kwa chuo. Yasome kabla, ukikuta yameshuka uliza yameshukaje. Viwango vile vya 2016 vilitaka mwaka wa mwisho uwe na saa zisizopungua 1,440 za mafunzo ya vitendo, basi uliza utazifanyia mji gani na nauli ni ya nani. Kama unakusudia kurudi, waandikie Baraza la Famasi la Tanzania au bodi ya famasia ya Kenya kabla hujalipa hata senti, uwaulize watataka nini ili wakusajili.

Mwaka mmoja binti aliyefika chuoni kwa usaili aliketi mezani na wanafunzi wetu wakati wa chakula. Wengine walikuwa wanauliza hali ya hewa na mabweni. Yeye akauliza, "Nani kati yenu amewahi kufeli somo hapa, na chuo kilimfanyia nini?" Meza ikawa kimya. Kisha wawili wakanyoosha mikono, mmoja akaanza kusimulia, na mpaka wanaitwa kurudi ukumbini chakula kilikuwa kimeshapoa.