Postidoki si shahada ya nne

Wiki iliyopita, msibani, mzee mmoja alikuwa akimsifia binti yake: "Kamaliza PhD, sasa yuko Ujerumani anasomea postidoki." Jirani yake akadakia: "Na umri ule? Si atahitimu anastaafu!" Msibani hapabishaniwi, kwa hiyo nilinyamaza. Lakini kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno.

Postidoki ni kazi ya utafiti ya muda maalumu, aghalabu mwaka mmoja hadi mitatu, apewayo mtu mwenye shahada ya uzamivu (PhD), akiwa na mtafiti mwenyeji, yaani yule anayempokea katika taasisi yake. Haina joho wala mahafali.

Neno lenyewe ndilo linalotupoteza. Kwa Kilatini, "post" ni baada, na "doctor" ni mwalimu, kutokana na kitenzi "docere", kufundisha. Linataja wakati tu: baada ya kuwa daktari, yaani mwenye uzamivu. Ngazi halitaji. Sisi tumezoea kupanda, shahada ya kwanza, uzamili, uzamivu, basi kila kinachofuata tunakiweka juu. Na ajabu ni kwamba Kiswahili kilishatupa jibu: uzamivu umetokana na kuzama. Mpiga mbizi akishajua kuzama hapewi cheti cha kuzama zaidi, anakwenda kutafuta lulu. Hata mmojawapo wa ufadhili wa mwanzo wa aina hii, ulioanzishwa Marekani mwaka 1919 na Baraza la Taifa la Utafiti kwa fedha za shirika la hisani la Rockefeller Foundation, ulilenga wanafizikia na wanakemia waliokwisha kupata uzamivu, ili wapate muda wa kutafiti.

Sasa hilo la umri. Wafadhili wengi huhesabu tangu siku ulipotunukiwa uzamivu. Siku uliyozaliwa haimo katika hesabu. Mpango wa ufadhili wa Umoja wa Ulaya uitwao Marie Skłodowska-Curie unaruhusu miaka 8 tangu uzamivu, na miaka uliyokuwa nje ya utafiti huondolewa. Kwetu hili lina uzito. Mtu huanza akiwa mkufunzi msaidizi, akafundisha madarasa yaliyofurika, akalea, akasubiri ruhusa na ufadhili, akaupata uzamivu ana miaka 46. Kwa hesabu hiyo ni mtafiti mchanga kabisa, na anastahili kuomba bila kuona haya. Nimewaona wenye uwezo mkubwa wakiacha kuomba kwa sababu tu waliambiwa wamezeeka, na inaniuma.

Aliyechelewa kweli ni yule mwenye uzamivu wa miaka 15. Huyo naye ana mlango wake: aende kama mtafiti mwalikwa, au achukue likizo ya utafiti. Kazi yaweza kuwa ileile maabarani, ila jina la nafasi na mfuko unaolipa ni tofauti.

Kwa hiyo, mzee wangu, binti yako hasomi. Yuko kazini. Akipiga simu, usimuulize anahitimu lini, muulize anatafiti nini.