Potulaka ikifunga alasiri haina kiu, wekeni ndoo chini!

Jamani mie nshachoka na hili. Kila wiki lazima aje mtu kitaluni, simu mkononi na picha ya potulaka iliyooza, ule mmea wa maua unaotambaa, na maneno ni yale yale: "Asubuhi ilichanua vizuri, alasiri nikaona maua yote yamejikunja nikajua ina kiu, nikaitia maji." Kesho alasiri imefunga tena, katia tena. Siku ya kumi hivi mashina yamelainika kama uji, na mie ndo naambiwa nimeuza mche mbovu.

Ile si kiu, imelala. Ua la potulaka linafata jua, linafunguka jua likishapanda, saa tatu saa nne hivi, mchana ukisogea linajifunga, na ua moja maisha yake ni siku hiyo hiyo, kesho linachanua jengine. Siku ya wingu halifunguki kabisa, ndo maana masika watu wananambia mmea umeharibika, kumbe unangoja jua tu. Asili yake Amerika ya Kusini, Brazili na Argentina huko, kwenye mchanga na mawe, na yale majani manene ni matangi yake, yashajaa, sasa we unataka kuyajaza nini tena? Ukitaka kujua kama ina kiu kweli achana na ua, tazama jani asubuhi. Likinywea na kuwa na mikunjo, mwagilia. Likiwa limetuna, basi. Na shina likiwa la majimaji pale linapoingia ardhini, mizizi ishakosa hewa na kuvu ishaingia, hapo hata umwite nani haiponi, kata vile vichwa vizima vya juu ukapandikize kwengine.

Wa Jambiani na Makunduchi huku Unguja, kwenye maweni mna bahati, maji kwenu hayakai. Mwenye udongo mzito, na nyinyi wa Pemba mlio mabondeni, changanyeni na mchanga wa kujengea nusu kwa nusu au inueni tuta kidogo. Na vile visahani vya chini ya makopo mie navichukia, sijui nani aliwaambia mmea unataka kusimama ndani ya maji kama mpunga. Toeni.

Haya, mengine. Eti jua la kaskazi litaiunguza kwa hivyo iwekwe barazani au chini ya mwembe. Chini ya mwembe inarefuka tu kutafuta mwanga, maua mawili matatu basi. Inataka jua la wazi masaa sita kwa siku, likizidi ndo raha yake.

Mwengine anauliza, haitoi maua, nitie mbolea ya yurea? Utapata majani. Samadi iliyooza vizuri, kiganja kimoja wakati wa kupanda, imetosha.

Kuna wanaoing'oa ikishafanya upara katikati, wanasema imezeeka wanakuja kununua nyengine. Mie nauza sikatai, lakini mtu ukiikata nusu inachipua upya, na vile vipande ulivyokata, urefu wa kidole, viache kivulini siku moja kidonda kikauke halafu vichomeke tu kwenye mchanga, wiki mbili hazifiki vishashika. Kwetu hakuna baridi ya kuiua, ukiifanyia hivi unakaa nayo miaka kwa mche ule ule mmoja.

La mwisho, ati ikishatambaa hakuna tena kupalilia. Mpaka ifunge ardhi yote utapalilia kwa mkono, na ndago, lile gugu lenye vitunguu ardhini, haijali imefunikwa na nini, inatoboa tu. Chimbua vile vitunguu vyake vyote kabla hujapanda, usiikate kwa jembe maana kila kipande unachokiacha chini kinaota. Wanaoruka hatua hii nawajua, mwezi haumaliziki wako mlangoni kwangu wanauliza dawa.