Kamisheni ya dalali unapouza nyumba, na mahali cha juu kinapoingilia

Dalali akija kuiona nyumba unayotaka kuuza, swali lake la kwanza mara nyingi ni hili: "Bosi, wewe unataka ngapi mkononi?" Linasikika kama swali la heshima, la mtu anayetaka kujua haja yako kabla hajahangaika. Wauzaji wengi Dar es Salaam hulijibu palepale. Wanataja, tuseme, milioni 150, wanapeana namba za simu, na kazi inaanza. Kamisheni haijatajwa na mtu yeyote. Ukimya huo unaweza kumgharimu mwenye nyumba pesa nyingi kuliko kodi ya mauzo yenyewe, na ndiyo sababu nataka tuielewe dhana hii vizuri kabla dalali hajafika getini.

Kamisheni, au udalali kama wengi wanavyoita, ni malipo ya mtu aliyekutafutia mnunuzi hadi mauzo yakakamilika. Kwa kawaida ni asilimia ya bei ambayo nyumba imeuzwa, siyo ya bei uliyoitangaza. Kwa dalali wa mtaani kiwango ni maelewano. Utasikia asilimia 3, utasikia 5, na wapo wanaoanzia 10, hasa kwenye viwanja na nyumba za bei ndogo. Ukitumia kampuni iliyosajiliwa kwa VAT, uliza kama asilimia wanayokutajia tayari ina VAT ndani yake. Asilimia 5 ukiiongezea VAT ya 18 inakuwa 5.9, na kwenye nyumba ya milioni 180 hiyo ni tofauti ya shilingi 1,620,000.

Hapa tunazungumzia dalali wa kawaida, yule unayemwita mwenyewe. Dalali wa mnada anayeuza nyumba kwa amri ya mahakama au kwa niaba ya benki ana taratibu zake nyingine.

Nani analipa? Kwenye kupangisha tumezoea mpangaji ndiye anayemlipa dalali, kwa kawaida kodi ya mwezi mmoja. Kwenye kuuza mambo yanageuka: aliyempa dalali kazi ni muuzaji, kwa hiyo muuzaji ndiye anayelipa. Wapo madalali wanaochukua pande zote mbili, kwako asilimia kadhaa na kwa mnunuzi "ya usumbufu". Muulize waziwazi mapema, kwa sababu mtu anayelipwa na pande zote mbili hawezi kukupigania kwenye bei kama anavyokuambia.

Sasa turudi kwenye lile swali la mkononi. Ukisema milioni 150 mkononi, dalali anaondoka na kuitangaza nyumba kwa 175. Ile 25 ya katikati ndiyo cha juu. Haionekani popote kwenye mazungumzo yenu, na haitoki mfukoni mwako moja kwa moja, ndiyo maana watu wanaona haiwaumizi. Lakini kama mnunuzi alikuwa tayari kutoa 175, basi hiyo ndiyo ilikuwa bei ya nyumba yako sokoni siku ile. Umemlipa dalali milioni 25 kwa nyumba uliyopokelea 150, yaani zaidi ya asilimia 14 ya bei yote aliyolipa mnunuzi. Muuzaji huyohuyo angeambiwa mwanzoni "kamisheni yangu ni asilimia 14", angemtafuta dalali mwingine.

Na cha juu utakigundua siku ya kuonyesha nyumba. Dalali anawahi, anakuvuta pembeni na kukuambia: "Mama, mteja akikuuliza bei, mwambie aongee na mimi." Mteja anapita vyumbani, anagusa kuta, anafungua bomba la jikoni kuona kama maji yanatoka, na kila akikugeukia dalali anaingilia kati. Hatunzi siri yako pale. Anazuia namba mbili zisikutane.

Hasara haiishii hapo. Nyumba ikiwa mikononi mwa madalali watatu, kila mmoja ataipachika cha juu chake. Utaikuta mtandaoni kwa 165, kwa 175 na kwa 190, picha zilezile, geti lilelile, na chini yake imeandikwa "maongezi yapo". Katika mji ambao kuta nyingi zimeandikwa kwa rangi "NYUMBA HII HAIUZWI" ili kuwazuia matapeli, mnunuzi makini akiona bei tatu za nyumba moja anafikiria utapeli, na anaendelea na safari yake. Miezi inapita nawe unadhani soko ni baya.

Halafu kuna karatasi. Mkataba wa mauziano utaandikwa bei gani? Mnunuzi atataka iandikwe 175 aliyolipa, na ana haki, kwa sababu mgogoro ukitokea hiyo ndiyo pesa atakayodai irudishwe. Ikiandikwa 175, TRA watakuhesabu wewe kuwa umeuza kwa 175. Kodi ya ongezeko la mtaji kwa mkaazi wa Tanzania ni asilimia 10 ya faida. Tuseme gharama zako za kununua kiwanja na kujenga, zenye kumbukumbu, ni milioni 110. Faida kwenye karatasi inakuwa 65 badala ya 40, na kodi inakuwa 6,500,000 badala ya 4,000,000. Milioni mbili na nusu unalipia pesa iliyoingia mfukoni mwa mtu mwingine. Asiye na kumbukumbu za gharama, ambaye hutozwa asilimia 3 ya thamani au bei ya mauzo, naye atatozwa juu ya namba kubwa. Mkiamua kuandika 150, mtakuwa mmedanganya kwenye hati ya kisheria, na dhambi hiyo ina jina lako, siyo la dalali.

Kamisheni ya wazi inafanya kinyume chake. Sheria ya Kodi ya Mapato inahesabu malipo ya wakala au dalali kuwa sehemu ya gharama za mali yako, hivyo inapunguza faida inayotozwa kodi. Lakini lazima uwe na risiti. Cha juu hakina risiti.

Sheria inasemaje kuhusu cha juu chenyewe? Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ina sehemu nzima kuhusu uwakala, na dalali uliyemtuma kuuza ni wakala wako. Wakala akifanya biashara kwa faida yake mwenyewe ndani ya kazi uliyomtuma, bila wewe kujua, unaweza kudai faida aliyoipata. Akifanya kazi kwa hila, anaweza kupoteza hata malipo yake kwa sehemu ile aliyoiharibu. Kwa hiyo muuzaji hayuko mikono mitupu. Tatizo ni maneno "bila wewe kujua". Ukishasema "mimi nipe 150, inayozidi yako", umekubali. Ndiyo maana lile swali la mkononi lina uzito: jibu lako linaweza kuja kusomwa kama ruhusa. Jibu salama ni kutaja bei ya kuuzia na kamisheni kwa pamoja: "Nyumba inauzwa 175, chini ya 165 usiniletee mtu, na wewe una asilimia 5 ya bei itakayoandikwa kwenye mkataba."

Niseme na upande wa dalali, maana wengi ni watu wanaohangaika kwa haki. Anaweza kuzungusha wateja 20 kwa bodaboda ya kulipia mwenyewe, wote wakasema "nitakupigia", na asipate hata mia. Tena asilimia tupu haimpi sababu kubwa ya kukupigania. Kwa asilimia 5, ukiuza kwa milioni 10 zaidi, wewe unabaki na 9.5 naye anaongezewa laki tano. Kusubiri miezi miwili kwa laki tano hakumlipi, afadhali akushawishi ushushe bei auze leo. Cha juu kilizaliwa kwenye pengo hilo.

Pengo hilo unaweza kuliziba kwa uwazi. Mwahidi, kwa mfano, asilimia 3 ya milioni 150 za kwanza, na asilimia 15 ya chochote kinachozidi hapo. Akiuza kwa 175 anapata 4,500,000 jumlisha 3,750,000, yaani 8,250,000. Wewe unabaki na 166,750,000 na kila mtu anajua namba zote. Kwa maoni yangu huu ndio mpango bora kuliko yote, kwa sababu dalali ana njaa ileile ya kupandisha bei, isipokuwa safari hii anaipandisha kwa ajili yenu wawili. Dalali mzuri ataukubali. Anayekataa namba zisionekane amekujibu tayari.

Jambo la pili linalozaa ugomvi ni lini kamisheni inakuwa deni. Kwa Sheria ya Mikataba, kama hamkukubaliana vingine, malipo ya wakala hayadaiwi mpaka kazi aliyopewa ikamilike. Kuleta mtu aliyeipenda nyumba bado siyo kuuza. Hata kupokea malipo ya awali kunaweza kuishia njiani, mnunuzi akakosa mkopo au upekuzi wa hati ukaonyesha zuio. Mnunuzi akilipa kwa awamu, kamisheni nayo ifuate awamu: amelipa nusu, dalali apate nusu ya chake. Na pesa ya nyumba iingie kwenye akaunti yako kwanza. Dalali anayeomba mnunuzi alipe kupitia kwake ili "ajikate" mwenyewe, mkatalie hata kama ni ndugu.

Kuna wanaodhani kwamba kama hamkuandikiana, dalali hana cha kudai. Si kweli. Mkataba wa kuuza nyumba lazima uwe wa maandishi, Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka hivyo, lakini makubaliano ya udalali yanaweza kuwa ya mdomo na yakakubana. Ameleta mteja, majirani wamemwona, meseji zipo kwenye simu: ana kesi. Na muuzaji anayezungumza pembeni na mteja aliyeletwa na dalali, wakasubiri wiki tatu ili wamruke, anamdhulumu mtu jasho lake na anajitafutia madai.

Usumbufu mkubwa zaidi ni madalali wawili kudai kwamba mteja mmoja ni wao. Wa kwanza alimwonyesha nyumba Januari, wa pili akamrudisha Machi. Dawa yake ni daftari la kawaida la shule. Kila ugeni unaandikwa tarehe, jina la mteja, jina la dalali, na dalali anasaini. Ukimpa dalali mmoja kazi peke yake, muda uandikwe, mwezi mmoja au mitatu, na ijulikane itakuwaje wewe mwenyewe ukiuza kwa binamu yako ndani ya muda huo: analipwa, halipwi, au analipwa nusu. Kuhusu mteja aliyemleta kabla ya muda kuisha lakini akanunua baadaye, andika ni kwa miezi mingapi bado atahesabiwa kuwa ni wake.

Wenzetu wana sheria zinazolazimisha sehemu ya mambo haya. Uingereza, sheria ya 1979 inamtaka wakala akueleze malipo yake kabla hujafunga naye mkataba. Kenya wana sheria ya mawakala wa nyumba, Sura ya 533, na bodi inayowasajili, kwa hiyo muuzaji wa Nairobi anaweza kuanza kwa kuuliza namba ya usajili.

Usichanganye kamisheni na pesa nyingine zitakazotajwa siku ya mauziano. Ushuru wa stempu huwa ni wa mnunuzi. Wakili ni wako na ana bili yake. Ofisi ya serikali ya mtaa, ambako watu huenda kushuhudishiana, katika maeneo mengi imezoea kudai asilimia ya bei, na dalali atakuambia "hiyo ni kawaida". Hiyo siyo kamisheni, na haimo kwenye sheria za ardhi. Omba wakutajie kifungu na wakupe risiti ya serikali yenye namba ya malipo. Na kama nyumba ni ya familia, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenzi wako kabla ya kuiuza. Mpate kwanza yeye, maana dalali akileta mnunuzi na mauzo yakavunjika kwa sababu mke au mume hakujua, atadai gharama za kuhangaika kwake, na hapo atakuwa na hoja.

Karatasi ya makubaliano na dalali haihitaji kurasa nyingi. Iwe na majina yenu na namba za vitambulisho, nyumba ilipo na namba ya hati, bei ya kutangaza na bei ya chini kabisa, asilimia na inahesabiwa juu ya namba ipi, VAT imo au haimo, analipwa lini na kwa akaunti gani, muda wa kazi, na sentensi moja inayosema kwamba hatapokea chochote kutoka kwa mnunuzi bila wewe kujua. Sainini wote, na mashahidi wawili. TIN yake iombe siku hiyohiyo, kwa sababu akishalipwa utamtafuta sana kwa ajili ya ile risiti ya kupeleka TRA.