Kidole 97 haiseme jipu liko na oksijeni

Huku Goma batu mingi bakiona ile mashini ya kidole ya kupima oksijeni ya damu inaandika 97% banasema basi oksijeni iko mwili muzima, na eti ikipunguka maaskari ya mwili yanalala. Yote mbili si vile.

Mashini inapima damu ya kidole tu. Angalia jipu kwa mguu wa mtoto: limevimba, liko moto, ukigusa analia, mishipa midogo imebanwa na chembe nyeupe za damu, njo maaskari ya mwili, zimejaa pale zinakula oksijeni zenyewe, basi mule katikati inapunguka sana hata kidole kikiwa 97. Na zile chembe, neutrofili, hazilale hata! Kuna protini inaitwa HIF, siku zote inavunjwa-vunjwa, lakini oksijeni ikikosekana inabaki, inasaidia chembe kutumia sukari bila oksijeni na zinaishi zaidi (wasayansi Kaelin, Ratcliffe na Semenza balipata Nobel 2019 juu ya kuonyesha vile seli zinasikia oksijeni). Shida njo hii, sumu moja kubwa ya kuua vijidudu inatengenezwa na oksijeni, kwa hiyo chembe ziko mingi na zinapigana lakini stafilokoki, kijidudu chenye kinaleta majipu mingi, haife muzuri, nyama ya pembeni njo inaumia. Ni sababu moja munganga anapasua jipu, haachie vidonge peke yake.