Je, wajua? Miwani nyeusi ya jua haimfichi mtu mbele ya bata

Mtu amejikunyata kwenye matete tangu alfajiri. Nguo zake ni za rangi ya udongo, hatikisiki, na usoni ana miwani nyeusi ya jua. Kundi la bata mwitu linakuja, linazunguka juu ya maji mara moja, linapinda kwa pamoja na kutokomea. Wawindaji wa bata huko Marekani na Ulaya hulijadili sana jambo hili, na kwa mkazi wa Dar es Salaam anayekwenda na kamera au darubini kwenye mashamba ya chumvi ya Kunduchi swali ni hilohilo: je, miwani ilimficha au ilimuumbua?

Mara nyingi humuumbua. Lakini sababu siyo ile inayodhaniwa na wengi, na dawa yake si kuivua.

Imani iliyozoeleka ina hoja mbili. Ya kwanza inasema ndege huogopa macho, kwa hiyo ukiyafunika umejificha. Ya pili inasema kioo cheusi hunywa mwanga, kwa hiyo hakiwezi kumeremeta. Hoja ya kwanza ina ukweli wake. Ya pili ni kosa kabisa, na ndiyo inayowaharibia watu asubuhi zao.

Kuhusu macho, watafiti wamelipima jambo hili kwa ndege kadhaa. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol walionyesha kwamba kwezi hurudi upesi kwenye chakula iwapo macho ya mtu aliye karibu yametazama pembeni. Mwaka 2009 wenzao wa Cambridge waliona kwamba kunguru wadogo wa Ulaya hufuatilia mtu wasiyemfahamu anaelekeza wapi macho yake. Mwaka 2019 ikawa zamu ya shakwe wa pwani ya Uingereza: mtu akiwakazia macho, walichelewa kukisogelea chakula kilichowekwa mbele yake. Aliyekulia Dar na kunguru wetu wa shingo ya kijivu hatashangaa. Kunguru hao wanajua kabisa nani anawatazama na nani ameinama kuokota jiwe.

Hata hivyo majaribio hayo yalifanyika kwa umbali mdogo, ndege akiwa chini na chakula kikiwa mbele yake. Bata anayepita makumi ya mita juu yako yuko kwenye hali nyingine. Jicho la mtu ni kitu kidogo sana kwa umbali huo. Kinachobaki kuonekana ni uso mzima ulioinuliwa kuelekea angani, na juu ya uso huo kuna vioo viwili.

Sasa tuje kwenye kioo chenyewe. Mwanga unapofika kwenye lenzi hukutana kwanza na sehemu yake ya nje, ambayo ni laini sana. Hapohapo, kabla haujaingia ndani, kiasi fulani hurudishwa. Kwa kioo au plastiki ya kawaida kiasi hicho ni kama asilimia 4 hadi 5 mwanga ukipiga wima. Rangi nyeusi imo ndani ya lenzi. Kazi yake ni kunywa ule mwanga uliokwisha kuingia. Ule uliorudishwa nje haukuifikia hata kidogo. Ndiyo maana lenzi nyeusi na lenzi nyeupe, zikiwa za plastiki moja na ulaini mmoja, hurudisha mwanga sawasawa kutoka upande wa mbele.

Tazama gari lenye vioo vyeusi lililoegeshwa Kariakoo mchana. Watu wanalisogelea kuweka sawa tai, kilemba au nywele, kwa kuwa kioo chake kimekuwa cha kujitazamia. Gari la jirani lina vioo vyeupe na hakuna anayejitazamia humo. Ukipima, vioo vyote viwili vinarudisha kiasi kilekile cha mwanga kutoka upande wa nje. Tofauti iko nyuma ya kioo. Kwenye kioo cheupe, mwanga unaotoka kwenye viti na abiria unakuja kuifunika sura yako, nayo inapotea. Kwenye kioo cheusi mwanga wa ndani haufiki nje, kwa hiyo sura yako inabaki peke yake. Usiku dereva akiwasha taa ya ndani, hata kioo kile cheusi kinaanza kuonyesha viti, na sura yako inafifia. Giza la kioo halikuongeza chembe ya mwanga uliorudishwa. Liliondoa tu kila kitu kilichokuwa kinashindana nao.

Hicho ndicho kinachotokea usoni kwa mtu aliye kwenye matete. Bila miwani, bata aliye juu angeona ngozi na kivuli cha tundu la jicho. Kwa miwani nyeusi, sehemu hizo mbili zimesafishwa na kuachiwa kazi moja, kuakisi anga. Miwani yenye utando wa madini, ile inayoonyesha sura ya unayezungumza naye, ni mbaya zaidi, kwa sababu utando huo umewekwa makusudi ili urudishe mwanga mwingi.

Asilimia 4 inasikika ndogo mpaka ukumbuke ni asilimia 4 ya nini. Mwanga wa jua unatufikia ukiwa na nguvu ya karibu mara 400,000 ya mwanga wa mwezi mpevu. Asilimia 4 yake ni sawa na miezi mipevu 16,000 ikimulika mahali pamoja. Bata akikatiza kwenye njia ya mwale huo uliotoka kwenye lenzi bapa, hicho ndicho kinachompiga jichoni. Tena kadiri mwanga unavyoipiga lenzi kwa mshazari, ndivyo unaorudishwa unavyozidi. Ukiwa umelala nyuzi 80 kutoka wima, inarudi karibu asilimia 40.

Umbo la lenzi nalo lina neno lake. Lenzi bapa hutupa mwale mwembamba, wenye upana wa nusu nyuzi tu kama jua lenyewe linavyoonekana angani, kwa hiyo bata wengi hawaupati, ila anayeupata anaupata wote. Lenzi iliyobinuka, kama miwani ya michezo inayozunguka uso, huusambaza mwanga huo pande nyingi. Mmeremeto wake ni hafifu zaidi, lakini unabaki kuwa nukta inayoonekana kutoka karibu kila upande ulio mbele ya mvaaji. Kisha kuna mwendo. Kioo kikizungushwa nyuzi 10, mwale unaorudishwa huzunguka nyuzi 20. Geuza shingo kidogo tu kufuata kundi, na mwanga wa lenzi yako bapa umeshafagia anga mara mbili ya ulivyogeuka.

Na anayeangaliwa si kiumbe wa kudanganyika. Bata aliyechunguzwa zaidi ni yule wa nchi za kaskazini ambaye dume lake lina kichwa cha kijani, mzazi wa aina nyingi za bata tunaofuga. Macho yake yako pembeni na juu kiasi kwamba anaona duara zima linalomzunguka, pamoja na anga yote iliyo juu yake, bila kugeuza kichwa. Anapolala pembezoni mwa kundi huacha jicho moja wazi, lile la upande wa nje, huku nusu ya ubongo ikipumzika. Mwaka 1999 watafiti walilithibitisha hilo, na mimi sichoki kulishangaa. Rangi pia anaziona kwa aina nne za chembe za jichoni, ambapo sisi tuna tatu. Isitoshe, kundi huzunguka kabla ya kutua. Kila mzunguko unabadilisha pembe kati ya jua, uso wako na jicho lake. Ukikosa kumeremeta kwenye mzunguko wa kwanza, wa pili unaweza kukushika.

Kanuni hiyohiyo inaihusu ngozi. Jasho na mafuta ya ngozi ni tabaka laini, nalo hurudisha mwanga kabla haujafika kwenye rangi iliyo chini. Kwa joto la Dar la mwezi Februari, paji la uso huwa linang'aa muda mfupi tu baada ya jua kuchomoza, liwe jeusi au jeupe. Ndiyo maana wawindaji wa bata huvaa kitambaa usoni au kujipaka rangi isiyong'aa.

Kuna pia miwani inayochuja mng'ao wa maji, ambayo wavuvi wengi wanaipenda kwa sababu inawaonyesha kilicho chini ya maji. Inafanya kazi kweli, ila kwa faida ya mvaaji peke yake. Kichujio kimo ndani ya lenzi kama ilivyo rangi nyeusi, kwa hiyo hakizuii kitu kwa upande wa bata.

Kwa nini basi nisiseme vua? Kwa sababu miale ya jua huchangia mtoto wa jicho, na mwanga unaoruka kutoka kwenye chumvi na maji huongeza mzigo. Kwa mwindaji kuna sababu nzito zaidi: chembe za risasi na mabaki ya baruti vinaweza kumpofusha mtu, na lenzi ngumu ndiyo kinga yake. Hapa Tanzania kuwinda ndege mwitu kunahitaji leseni kwa mujibu wa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na bila leseni hiyo ni kosa.

Kinachosaidia ni kivuli. Jua lisipoigusa lenzi, hakuna mwale wa kurudishwa. Linabaki anga tu, ambalo ni hafifu mno kulinganisha na jua. Kapelo yenye ukingo mrefu au pama hutosha mchana, maana Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta na jua husimama karibu utosini. Lakini ukiinua kidevu kutazama juu, umeitoa lenzi kivulini. Sogeza macho, shingo iache.

Asubuhi na jioni ukingo hautoshi, kwa sababu jua linaingia chini yake. Hapo dawa ni kukaa na jua mgongoni. Kunduchi hilo lina maana ya wazi: asubuhi ipe bahari mgongo, na jioni hamia ng'ambo ya pili ya mabwawa uitazame bahari. Nafasi hiyo inakupa pia ndege walioangazwa vizuri, huku wao wakilazimika kukutazama dhidi ya jua.

Ukinunua miwani mipya, epuka yenye utando wa kujitazamia na fremu ya kung'aa. Ipo pia dawa inayopakwa kwenye lenzi kupunguza mwanga unaorudishwa hadi chini ya asilimia 1. Muulize fundi imepakwa upande gani, kwa sababu miwani mingi ya jua hupakwa upande wa ndani tu kwa ajili ya starehe ya mvaaji, na upande unaomkabili bata ni ule wa nje.