Kocha wa kwenye simu hajui sinia

Mama mmoja mwenye genge la mboga Mbagala aliiweka simu yake juu ya meza yangu akasema, "Mwanangu, hiki kitu kifute. Kila usiku kinaniuliza nimekula wali gramu ngapi. Nitajuaje mimi? Tumekula sinia moja watu sita."

Nikamwambia, "Mama, tusikifute kwanza. Hebu tuone kinauliza nini, halafu tuone sisi tunataka kujua nini."

Tulikaa na ile simu karibu saa nzima. Mpaka tunamaliza, tulikuwa tumezima karibu kila kitu kwenye ile programu, tukabakiza vitu vitatu: picha moja ya chakula kwa siku, kikumbusho kimoja, na dakika za kutembea. Nimeamua kuyaandika tuliyozungumza siku ile, maana swali la mama huyu naletewa na kila aliyepakua programu ya kocha wa afya kisha akakwama wiki ya pili akidhani tatizo ni yeye.

Mimi ni afisa lishe. Wengi ninaokaa nao wana sukari au presha, au wameambiwa kliniki kuwa vipimo vyao vimeanza kupanda. Wanakuja na simu zao, na ndani ya simu wana programu inayohesabu kalori, inayohesabu hatua, inayowapa masomo mafupi na kuwatumia ujumbe wa kuwahimiza. Nazipenda programu hizi, na nimewaona watu wakibadilika kwa kuzitumia. Lakini zimetengenezwa na watu wanaokula sahani moja kwa mtu mmoja, chakula kimetoka kwenye pakiti yenye maandishi ubavuni.

Mfano wa ukocha huu ni wa zamani kuliko simu janja. Mwaka 1996 lilianza Marekani jaribio kubwa liitwalo Diabetes Prevention Program, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2002. Walikuwamo watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa juu lakini haijafika kuitwa kisukari. Kundi moja lilipewa metformin, dawa ya kushusha sukari, kundi jingine vidonge visivyo na dawa, na la tatu lilifundishwa kubadili ulaji na kufanya mazoezi: kupunguza walau asilimia 7 ya uzito na kujishughulisha dakika 150 kwa wiki. Baada ya karibu miaka mitatu, walioshika mazoezi na ulaji walikuwa wamepunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58 wakilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Waliomeza metformin walipunguza kwa asilimia 31.

Takwimu hizo hunukuliwa sana, lakini jambo moja husahaulika. Kila mtu wa kundi la tatu alikuwa na kocha wake, binadamu, aliyekaa naye ana kwa ana kwa masomo 16 katika wiki 24 za mwanzo. Alikuwapo mtu aliyemjua kwa jina na kumuuliza, "Ile tuliyokubaliana wiki jana imekuwaje?" Programu ya simu inaweza kubeba masomo, daftari na vikumbusho. Yule mtu wa kuuliza, kwa programu nyingi za bure, hayumo. Kwa hiyo kitu cha kwanza ninachomwambia mtu ni atafute wa kumwonyesha daftari lake kila wiki: nesi wa kliniki, dada yake, jirani anayetembea naye, au mimi. Daftari lisilosomwa na mtu mwingine huachwa mapema sana.

Turudi kwenye sinia.

Programu inataka ujaze chakula kimoja kimoja kwa gramu. Ukiandika "wali wa nazi" inakuletea vyakula kumi vya nchi nyingine. Ukiandika "zege" haielewi kabisa kama unasema chipsi mayai. Tanzania tuna majedwali yetu ya virutubisho, yaliyotolewa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Muhimbili pamoja na Taasisi ya Chakula na Lishe na Chuo Kikuu cha Harvard, na mimi huyatumia kazini, lakini programu nyingi za kupakua hazikujengwa juu yake. Hivyo namba unayoiona jioni, kalori 1,840, ni makisio juu ya makisio. Usilie nayo, wala usiifurahie sana.

Mama yule nilimuuliza, "Nani anapika?" Akasema yeye. Basi tukaacha kupima mdomo, tukapima sufuria. Watu wanaokula pamoja hawabadiliki mmoja mmoja. Chakula kinabadilika jikoni, na sinia zima linabadilika nacho. Hapo ndipo naona sinia linatuzidishia nguvu kuliko sahani. Mtu wa sahani yake ana kazi ya kujizuia peke yake huku wenzake wakila vingine. Mpishi wa sinia akipunguza kikombe kimoja cha mchele na kuongeza mafungu mawili ya mchicha, watu sita wamebadilisha mlo bila mtu kuambiwa yuko kwenye mpango wa kupungua.

Picha anapiga kabla watu hawajanawa mikono. Mara moja kwa siku, mlo wa jioni tu. Mimi nikiitazama sihesabu kalori. Natazama kijani kinachukua sehemu gani ya sinia, kama maharage au dagaa au samaki wapo, na kama mchuzi una mafuta yanayoelea juu. Picha saba zikikaa pamoja kwenye skrini zinasema mambo ambayo mtu hawezi kuyakumbuka. Mama alipoziona za wiki ya kwanza alinyamaza, halafu akasema, "Kumbe mboga nawauzia watu tu." Mchicha ulikuwa kwenye picha mbili kati ya saba.

Vitu viwili havionekani kwenye picha, navyo ni mafuta na sukari ya chai. Kwa mafuta nina njia ambayo hakuna programu iliyonifundisha: andika tarehe kwenye chupa siku unayoifungua. Lita moja ya mafuta ya kupikia ina kilokalori zaidi ya 8,000. Ikiisha kwa siku nne kwa watu sita, kila mmoja amepata karibu gramu 38 kwa siku, sawa na kilokalori 340 hivi, kabla hujahesabu nazi wala karanga. Chupa hiyo hiyo ikifika siku sita, kila mtu anashuka mpaka gramu 25 kwa siku bila kugusa wali. Tarehe hizo unaziingiza kwenye sehemu ya maelezo ya programu, ile ambayo hakuna anayeitumia.

Sukari ni hesabu ya vijiko. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina gramu kama 4. Vikombe vinne vya chai kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe, ni gramu 48. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, na kwa mtu wa kilokalori 2,000 hiyo ni gramu 50. Maana yake chai peke yake imemaliza karibu fungu lote, na sijagusa soda, maandazi wala vitumbua. Nasema kijiko kilichosawazishwa. Vijiko ninavyoviona majumbani vina mlima juu. Hapa simtaki mtu aache sukari kwa siku moja. Napendekeza apunguze nusu kijiko kwa kila kikombe, akae hapo wiki mbili, kisha nusu nyingine. Ulimi unazoea.

Sasa kikumbusho. Programu ya mama ilikuwa inamlilia saa mbili asubuhi: "Muda wa mazoezi!" Saa mbili asubuhi mama yuko gengeni, wateja wamemzunguka, mkono mmoja una chenji na mwingine una nyanya. Alikuwa anaifuta arifa bila kuisoma, kwa siku ishirini na tano mfululizo. Arifa inayofutwa hivyo inakufundisha kitu kimoja tu, kuifuta.

Tabia haishiki kwa saa, inashika kwa tukio. Watafiti wa chuo cha University College London, Phillippa Lally na wenzake, waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akiwa amechagua jambo dogo la kula, kunywa au kujishughulisha na kulifunga kwenye tukio la kila siku, kama vile baada ya kifungua kinywa. Utafiti wao ulichapishwa mwaka 2010. Ilichukua wastani wa siku 66 mpaka jambo lijifanye lenyewe, lakini tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno: kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Kwa hiyo anayekuahidi tabia mpya ndani ya siku 21 anakuahidi cha mtu mwingine. Na kuna jambo jingine walilolikuta ambalo huwaambia wote wanaokuja wamekata tamaa: kukosa siku moja hakukuharibu safari.

Matukio tunayo tele. Adhana ya alasiri. Kufunga genge. Kuteremka kwenye daladala. Kumpeleka mtoto shule. Dereva mmoja wa bajaji ninayemshauri amefunga kutembea kwake kwenye kuosha bajaji: akimaliza kuikabidhi kwa muoshaji anazunguka uwanja mpaka iwe safi. Mama wa genge tulimwekea kikumbusho kinacholia saa kumi na mbili jioni, anapofunika meza yake, na maneno ya kikumbusho tukayaandika upya wenyewe: "Umefunga genge. Pita njia ya shule." Njia ya shule ni ndefu kuliko ile ya kawaida kwa dakika kumi na mbili.

Hapo anatembea, na hapo tunafika kwenye hatua. Programu nyingi zinakuja zimewekewa hatua 10,000 kwa siku. Namba hiyo haikutoka maabara. Mwaka 1965 kampuni ya Yamasa huko Japani iliuza kifaa cha kuhesabu hatua kilichoitwa manpo-kei, maana yake kipimo cha hatua elfu kumi, na namba ikaenea dunia nzima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 juu ya wanawake 16,741 wa Marekani, wenye wastani wa umri wa miaka 72, ulionyesha kuwa waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikufa kwa uchache kuliko waliotembea 2,700, na faida ikaendelea kupanda mpaka kwenye hatua 7,500 hivi kisha ikatulia. Mtu wa hatua 2,500 akilazimishwa 10,000 anaiona njia haina mwisho. Mimi hutazama wastani wa wiki yake ya kwanza, nikaongeza hatua 1,000 tu juu yake.

Kwa walio na kazi za kusimama siku nzima kama mama yule, napendelea dakika kuliko hatua, kwa sababu hatua za gengeni ni nyingi na za polepole. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo unaokupandisha pumzi, na uliondoa lile sharti la zamani la kwamba lazima ziwe dakika kumi kwa mpigo. Kushuka kituo kimoja kabla kunahesabika. Kipimo chake ni rahisi: unaweza kuongea ukitembea, lakini huwezi kuimba.

Kuna kitu kimoja nakizima kwa kila mtu bila kujadili, nacho ni ile hesabu ya mfululizo wa siku. Unajaza siku arobaini, unafiwa, unakaa msibani siku tatu, unarudi unakuta sifuri. Nimeona watu wazima wakiacha kila kitu kwa sababu ya sifuri hiyo. Na mwezi wa Ramadhani programu nyingine hukuambia umeruka kifungua kinywa na chakula cha mchana siku nzima thelathini. Sitisha vikumbusho vya mchana, hamishia picha kwenye futari, na uangalie zaidi kilichomo mezani magharibi kuliko saa ulizofunga.

Neno la hatari, na hili nawaomba mlisome polepole. Kama unachoma insulini au unameza glibenclamide, kidonge cha kushusha sukari, usipunguze chakula wala kuongeza mazoezi kwa sababu programu imekuambia. Sukari inaweza kushuka ukazimia njiani. Nenda kliniki kwanza na daftari lako, dozi irekebishwe. Mjamzito pia asifuate lengo la kupungua uzito. Na kijana ambaye ameanza kuogopa kula kwa sababu ya namba, programu ifutwe leo.

Soma pia programu inaomba ruhusa gani. Daftari la chakula halina haja ya kujua majina ya watu kwenye simu yako. Mwaka 2018 ilitangazwa kuwa taarifa za akaunti zipatazo milioni 150 za MyFitnessPal, programu ya kuhesabu kalori, zimeibwa, yakiwemo majina ya watumiaji na anwani za barua pepe. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini ruhusa uliyoitoa kwa kubonyeza "kubali" umeitoa wewe. Tumia nywila ambayo huitumii kwingine.

Mama wa Mbagala hunitumia picha zake saba kila Jumapili kwa WhatsApp, nami namjibu kwa sauti kwa sababu hapendi kusoma maandishi madogo. Wiki ya tisa alikuwa na picha tano tu. Nikamuuliza, "Mama, mbili ziko wapi?" Akasema bando liliisha Alhamisi, hakununua mpaka Jumamosi. Nikamuuliza na njia ya shule je?

"Nilipita," akasema. "Sasa kwani njia inataka bando?"